Kitabu cha zahanati yangu kinasema kijiji kizima hakina mlevi wala mwenye sonona. Nani mwongo hapa?

#1 TabibuUwandani

Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni tabibu kwenye zahanati moja huku juu ya uwanda wa Makonde. Wilaya siitaji, kazi bado naipenda. Leo nilikuwa nafunga taarifa ya mwezi. Nimekaa na Kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za afya wa serikali), kile cha wagonjwa wa nje, natembeza kidole mstari kwa mstari: malaria, nimonia, kuhara, UTI, vidonda vya tumbo, presha. Nikafika kwenye magonjwa ya akili na ulevi. Sufuri. Nikafunua mwezi wa nyuma yake, sufuri. Nikatoa kabatini kitabu kilichojaa cha mwaka jana nikakipitia chote: wawili, na wote ni wa kifafa.

Yaani kwa hesabu zinazokwenda wilayani, kijiji changu hakuna anayelewa, hakuna aliyekata tamaa, hakuna anayesikia sauti. Peponi kabisa.

Sasa niwape mtu mmoja. Ana miaka arobaini na kitu, ana mikorosho yake, hukaa chini ya mwembe unaotazamana na dirisha langu. Mwezi huu nimemtibu mara tatu. Mara ya kwanza tumbo linawaka moto: nikaandika vidonda vya tumbo, nikampa omeprazo. Mara ya pili halali, moyo unakwenda mbio, kipimo kikasoma 160 kwa 100: nikaandika presha, nikampa vidonge. Mara ya tatu mkewe kamleta kaanguka na baiskeli saa nne asubuhi. Nikamshona nyuzi nne kwenye paji la uso, nipa (pombe kali ya mabibo, matunda ya mkorosho) inanukia mpaka kwenye glavu, mikono yake inatetemeka kiasi cha kutikisa kitanda. Nikaandika jeraha. Kwenye kitabu ni watu watatu tofauti, kwenye benchi ni mtu mmoja.

Wakati wanatoka mkewe akabaki nyuma kidogo, akaniuliza, "Na lile jingine, daktari?" Hakulitaja. Nikamwambia, "Mwambie apunguze." Akaitikia "haya" ile ya mtu aliyezoea kutosaidiwa, akaondoka. Kutwa nzima ile "haya" imenikaa kooni.

Kwa nini sikuuliza? Nimejihoji kweli. Siku ile nilikuwa na wagonjwa 58, mwenzangu yuko semina. Kuanzia saa 2 mpaka saa 9 na nusu, kila mtu anapata kama dakika 7, na humo humo kuna kuandika. Dodoso la sonona lina maswali 9, la pombe lina 10. Halafu lile la pombe limetungwa na mtu anayehesabu chupa na glasi. Huku nani anahesabu? Uraka, pombe ya mabibo isiyokenekwa, mnachota kwa kata kwenye ndoo moja watu sita. Nipa inazungushwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Ukimuuliza mtu "kwa siku unakunywa vinywaji vingapi" anakujibu "naonja tu, daktari", na wala hadanganyi, kila mzunguko anaonja.

Na nikishauliza, nampa nini? Nina kopo moja la amitriptilini, dawa ya sonona, limepita muda. Diazepamu ipo ya sindano, kidogo, kwa ajili ya degedege, ndani ya kabati lenye kufuli mbili, na ufunguo umekwenda semina mfukoni mwa mfawidhi. Rufaa ya kwenda wilayani naweza kuandika, lakini kliniki ya akili kule ni siku moja kwa wiki, na mara mbili nimempeleka mtu akakuta muuguzi wake kapangwa chanjo.

Wenzangu wa Nachingwea, Ruangwa, Liwale, Kilwa, Masasi, mnafanyaje? Maana kila mwongozo unasema afya ya akili ianzie zahanati. Kwangu haijaanzia popote.

#2 MabiboMatamu

Mkuu umekanyaga nyoka. Mabibo yakianza kudondoka, ukisema uandike wanywaji kitabu kitajaa mpaka mwenyekiti wa kijiji na mjumbe wake. Wewe mwenyewe atakuandika nani?

#3 TabibuUwandani

Hahaha, mwenzangu ataniandika akirudi semina. Ila sitafuti mnywaji wa msimu. Namtafuta yule ambaye mabibo yanakwisha na yeye hakomi.

#4 Mtukula_boy

Mnasahau jambo moja. Nipa ni gongo, na gongo ni kosa kwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966. Daktari ukimuuliza mtu anakunywa nini, yeye anasikia "kiri kosa". Tena umevaa koti jeupe na unaandika kwenye kitabu cha serikali. Nani atakujibu? Wakati wa viroba, vile vipakiti vya pombe kali, angalau mtu alijua amemaliza vingapi. Tangu vipigwe marufuku Machi 2017 (na aliyesimamia ni Waziri Mkuu wa wakati ule, jirani yetu wa Ruangwa) watu wengi huku kijijini wamerudi kwenye kata na chupa, na kipimo kikapotea. Sisemi marufuku ilikuwa mbaya. Nasema kipimo kilipotea.

#5 TabibuUwandani

Hoja nzito. Na liko la pili kama hilo. Lile dodoso la sonona swali lake la mwisho linauliza kama wiki mbili hizi mtu amefikiri bora afe. Kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, kujaribu kujiua ni kosa. Nimewahi kupokea mtu usiku, ndugu zake wananisihi niandike "bahati mbaya" ili wasisumbuliwe na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na maswali ya polisi. Niliandika bahati mbaya. Alipona akaenda nyumbani, hakuna aliyezungumza naye hata nusu saa, mimi nikiwa wa kwanza.

#6 DadaMkubwa_Masasi

Shikamooni wakubwa. Nimesoma nimelia, acha niseme ya kwetu.

Mdogo wangu ana miaka 27. Anasikia sauti, anavuta bangi, na anakunywa. Kipi kilianza wala sisi hatujui, na naomba mtu asinijibu kwa hilo maana nimeshajibiwa sana. Tulimpeleka kliniki ya akili. Muuguzi akasema aache kwanza pombe na bangi ndipo ijulikane ugonjwa ni upi. Tukachangishana, korosho za mama zikauzwa zote, tukampeleka Dar kwenye nyumba ya upataji nafuu, zile soba. Wiki ya tatu nikapigiwa simu: njooni mchukueni kijana wenu, anaongea peke yake usiku, sisi tunashughulika na uraibu, wa akili siyo wetu. Kwa wa akili anaambiwa mlevi, kwa walevi anaambiwa kichaa. Zahanati ya hapa nyumbani ndiyo iko karibu, wao wanasema dawa zake hazikai hapo.

Anatakiwa achomwe sindano ya kila mwezi. Bodaboda na gari kwenda na kurudi, mimi na yeye, haipungui elfu 28. Unafika, matibabu ni bure kwa sababu magonjwa ya akili yamo kwenye msamaha, kweli hawakutozi. Unapewa cheti bure, halafu sindano hakuna, kanunue famasi. Msamaha wa karatasi. Duka la dawa muhimu la kijijini sindano hiyo halina, lazima mjini.

Lakini lililoniuma zaidi ni kifua. Mwaka juzi alikohoa miezi mitatu. Tulipita naye sehemu nne. Kila anayemwona anaona nywele na nguo zake, anauliza "anakunywa dawa za akili?", hakuna aliyemwambia vua shati nisikilize. Wa tano ndiye aliyempima makohozi. TB.

Na hapo ndipo niliposhangaa. TB zahanati ileile iliiweza! Dawa zikaletwa hapohapo, jina lake likaandikwa kwenye rejesta yao, mhudumu wa afya wa jamii akawa anapita nyumbani, akikosa siku moja anatafutwa mpaka kilabuni. Miezi sita akamaliza, na katika miezi hiyo hata akili ilitulia kwa sababu yule mhudumu alikuwa anamkumbusha na za kwake nyingine. Alipopona TB wakamfuta kwenye rejesta, hakuna aliyekuja tena. Mtu yuleyule, zahanati ileile, kilichoondoka ni daftari tu.

#7 TabibuUwandani

Dada yangu, pole sana. Hiyo ya daftari umenipiga nayo.

#8 Shehe_Msafiri

Waungwana mimi nasema wazi. Mengine haya si ya hospitali. Nimeona kwa macho yangu kijana kapewa vidonge hospitalini, siku ya pili shingo imepinda kuangalia nyuma, macho yamegeukia juu, ulimi nje. Tukaletewa, akasomewa, kabla ya alasiri shingo imerudi. Hospitali walimtia balaa, kisomo kikamtoa. Mtanijibu nini?

#9 MuuguziMstaafu

Asalaam aleykum shehe, nikujibu mimi maana hiyo nimeiona mara nyingi kuliko wewe. Kijana alipewa haloperidoli bila Artane, yaani benziheksoli. Dawa ile humkaza misuli mtu, zaidi vijana wa kiume, siku za mwanzo kabisa. Shingo inapinda, macho yanapanda, inatisha kweli. Huachia dawa ikipungua mwilini, na kwa Artane au sindano yake huachia haraka zaidi. Jini wenu yule jina lake haloperidoli.

Sikudharau, shehe. Kisomo kilimtuliza na hakikumdhuru, na ninyi mlimpokea wakati wengine wanamkimbia. Kosa ni la aliyetoa dawa bila kuwaambia ndugu kitu. Maneno mawili tu, "shingo ikikaza mrudisheni", yangeokoa imani ya kijiji kizima. Baada ya pale nani tena atameza?

#10 Shehe_Msafiri

Hilo la kuambiwa nakubali. Na mkitaka, mkituambia dalili za kuwarudisha kwenu tutawarudisha. Hatujawahi kuambiwa.

#11 MuuguziMstaafu

Niendelee kidogo, uzee una ruhusa zake.

Vijana mnazungumza kama hili ni jipya. Mkutano wa Alma-Ata ni 1978, na miaka michache tu baadaye Tanzania ilikuwa imeanza majaribio ya kupeleka afya ya akili zahanati, Morogoro na Kilimanjaro, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Wadenmaki. Nchi za watu zilikuja kujifunza kwetu! Watabibu vijijini walifundishwa kutambua kichaa, kifafa na huzuni, wakapewa dawa chache za kuanzia. Fedha za wafadhili zilipokwisha, ujuzi ulibaki vichwani mwa watu, na watu wakastaafu. Sheria mpya ya Afya ya Akili ikaja 2008 kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Nzuri tu. Lakini sheria haiingii zamu ya usiku.

Mimi nilisomea uuguzi wa akili Mirembe, Dodoma. Kutoka Mtwara mpaka pale ni kama kilomita 1,000, nilikwenda nikiwa na mtoto mgongoni. Niliporudi na cheti changu, mfawidhi akakiangalia, akasema hongera, leba hakuna mtu. Nikaingia leba. Nilikaa leba miaka kumi na moja. Nimezalisha watoto ambao leo ni wazazi, wagonjwa wa akili niliowahudumia kwa cheo changu hawajazi benchi moja. Simlaumu mfawidhi: mama anayetoka damu hasubiri, mwenye sonona anasubiri. Ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe, unakaa kimya kwenye foleni mpaka foleni inaisha.

#12 Nimeachana_nayo

Nilikuwa msomaji tu, leo naandika. Tangu 2019 sijaonja. Mimi ni wa Lindi vijijini. Nawapa yangu muone jinsi wataalamu wenyewe wanavyoweza kukuua bila kukusudia.

Kila mwaka Ramadhani ikiandama naacha. Tunaacha wengi. Mwaka ule nilikuwa nimeshafikia kunywa asubuhi kabla ya mswaki, kwa sababu bila hivyo mikono haishiki kikombe. Siku ya kwanza ya mfungo nikatetemeka, jasho, kutapika. Nikasema ni swaumu. Usiku wa kuamkia siku ya pili nikaanguka degedege, mtu mzima na ndevu zangu. Siku ya tatu nikawa naona siafu wanapanda ukutani wengi kama mchanga, nawapangusa mwilini, nawafukuza watoto wasikanyage. Nyumbani wakasema nimetupiwa kitu. Wengine wakasema malaria imepanda kichwani. Zahanati wakapima, malaria hakuna, wakanitundikia dripu ya glukosi hivyohivyo na dawa ya malaria juu yake. Nikazidi. Ndugu wakanikodia gari mpaka hospitali ya misheni, na huko daktari mmoja aliuliza swali moja tu: "Mara ya mwisho amekunywa lini?" Mke wangu akahesabu kwa vidole: siku tatu. Akasema, basi.

Swali moja wakuu. Siku tatu nzima hakuna aliyeliuliza.

#13 MuuguziMstaafu

Mwanangu, Mungu alikupenda. Wanaosoma washike hili: mlevi wa kila siku akikata ghafla, degedege huja kuanzia saa chache mpaka siku ya pili, na kuweweseka kwa kuona vitu huja siku ya pili mpaka ya nne. Hiyo ni arosto ya pombe, na tofauti na arosto ya unga, yaani heroini, hii inaua. Dawa yake ni diazepamu au za ukoo wake, maji, na vitamini B1. Na B1 itangulie glukosi au ziende pamoja. Ukimpa glukosi peke yake mtu aliyekaukiwa B1 unaweza kumharibu ubongo moja kwa moja. Kwa hiyo mtu anayekunywa tangu alfajiri usimwambie "acha leo". Mwambie njoo tukusaidie kuacha.

#14 TabibuUwandani

Nimekaa kimya tangu nisome #12. Kila mwanzo wa Ramadhani napata watu wazima wawili watatu wenye degedege. Kitabu changu kinasema "malaria kali, haikuthibitishwa". Na nilimwambia mke wa yule mzee wa mwembe "mwambie apunguze". Kumbe nilibahatika tu kwamba hakunisikiliza.

#15 Kijana_wa_Shangani

Si kuna kliniki za methadoni? Tangu Muhimbili waanze 2011 mikoa imeongezeka. Wapelekwe huko.

#16 Nimeachana_nayo

Methadoni ni ya heroini kaka, pombe haigusi. Halafu ile unaenda kunywa kila siku mbele ya mhudumu. Mtu wa Liwale aende kila siku wapi? Tangazo lolote la uraibu utaona sindano na unga. Mnywa nipa hayumo kwenye picha, ndiyo maana hata mwenyewe anajiona mzima.

#17 StooKipa

Nasimamia stoo ya dawa kituo kimoja cha afya. Tabibu, tatizo lako liko kwenye ile sufuri.

Fomu ya kuagiza dawa inauliza ulitumia kiasi gani kipindi kilichopita. Hukutambua mgonjwa, hukuandika, hukutoa dawa: matumizi sufuri. Mfumo unakupangia sufuri. Bohari ya Dawa hapa Mtwara inakuletea ulichoagiza, yaani sufuri. Mgonjwa akija dawa hakuna, unamwandikia rufaa au unamwandikia vidonda vya tumbo, mwezi unakwisha, sufuri. Mratibu wa wilaya akitafuta kituo cha kupeleka mafunzo anaangalia takwimu: kwako hakuna wagonjwa, mafunzo yanakwenda kwingine. Sufuri inazaa mwenzake. Wala hakuna aliyekunyima. Uliagiza mwenyewe.

Lile kopo lako lililopita muda nalo lina historia. Bila shaka kuna mtu aliwahi kuagiza, hakuandika watu, dawa ikaozea kwenye shelfu, akasemwa kwenye ukaguzi, akaapa hataagiza tena. Mimi niliwahi kusemwa hivyo hivyo.

Ushauri wa stoo: anza na wale wawili wa kifafa, hao hawana ubishi. Waandikie daftari lao kama la TB la yule mdogo wake dada. Kisha weka makadirio kwa majina, siyo kwa matumizi, upeleke kwenye kamati ya kituo na mfamasia wa wilaya. Bohari wakikosa wanakupa hati ya kukosekana, unanunua kwa mshitiri (muuzaji wa dawa aliyeteuliwa na mkoa) kwa hela za kituo. Kuna kikwazo kimoja sikufichi: kwenye orodha ya taifa kila dawa ina herufi ya ngazi yake, zahanati ni A, kituo cha afya B, hospitali ya wilaya C. Baadhi ya unazozitaka ziko juu ya herufi yako. Hapo mkubaliane na wilaya waanzishe wao, wewe uendeleze. Msikubaliane kwa mdomo.

#18 Mmakonde_Minneapolis

Salamu kutoka kwenye baridi. Nafanya kazi ya usaidizi wa uuguzi kliniki moja Marekani, msidhani huku wameshamaliza. Huku ukuta ni wa makaratasi na malipo. Mpaka mwisho wa 2022 daktari wa kawaida hakuruhusiwa kuandika buprenofini ya waraibu wa heroini bila kibali maalumu, ingawa dawa za maumivu zilizowaingiza watu kwenye uraibu aliziandika bila kibali maalumu kama hicho! Kumbukumbu za matibabu ya uraibu zina sheria yake peke yake ya usiri, kwa nia njema, lakini kwa miaka mingi daktari wa presha hakuweza kujua, bila idhini ya maandishi ya mgonjwa, mgonjwa wake anatibiwa nini jengo la jirani.

Kilichofanya kazi ni kitu kidogo. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2002, wazee 1,801 wenye sonona, kliniki 18. Waliweka mtu mmoja ndani ya kliniki ileile ya kawaida: anawapigia wagonjwa simu, anapima wanaendeleaje, anakaa na daktari bingwa kuwajadili ambao hawasogei. Baada ya mwaka, 45 kati ya kila 100 dalili zilikuwa zimepungua nusu au zaidi, kwa wale wa utaratibu wa zamani ni 19. Bingwa hakuhamia kijijini. Mtu wa kufuatilia tu.

#19 DadaMkubwa_Masasi

Huyo mtu wa kufuatilia ndiye yule mhudumu wa TB. Tunao tayari kaka, ana baiskeli kabisa. Hajaambiwa tu.

#20 TabibuUwandani

Wakuu, ni wiki saba tangu nianzishe uzi. Niliahidi mrejesho PM kwa wengi, nauweka hapa.

Maswali 9 na 10 niliyaacha. Nimeanza Jumanne tu, siku ya presha na kisukari, wakati mtu amefungwa mkono anasubiri kipimo. Nauliza mawili ya sonona: wiki mbili hizi umekosa hamu na mambo? umekuwa na huzuni, umekata tamaa? La pombe nimelitoa kwa Nimeachana_nayo: "Asubuhi kabla hujapata kitu, mikono inakuwaje?" Sitaji nipa, sitaji uraka. Watu wanaangalia mikono yao na kunijibu. Mwenzangu amerudi semina, na ufunguo tumechonga wa pili kwa muhtasari wa kamati.

Mhudumu wetu wa jamii amekubali daftari. La kawaida la shule, kurasa 96, nimeligawa kwa mistari. Shehe_Msafiri, msikiti wa hapa nao nimeupa karatasi ya dalili za kumrudisha mtu, imamu ameibandika karibu na saa.

Mzee wa mwembe alikuja mwenyewe, mkewe nyuma yake. Alisema mikono yake haijashika sindano ya kushonea magunia tangu msimu wa juzi. Tulimlaza kituo cha afya siku tano, kwa StooKipa wa kwetu, akatolewa taratibu kwa diazepamu na B1. Alikaa mkavu siku kumi na tisa, akanywa msibani, akarudi siku iliyofuata kuniambia. Hilo la kurudi sikulitegemea. Tumeanza tena. Kwenye daftari ni mstari wa nne.

Mwezi wa kwanza kitabu kikasoma 11: wa kifafa 2, ulevi 5, sonona 3, mmoja anayesikia sauti. Nikatuma. Juzi mtu wa takwimu wilayani akanipigia: "Tabibu, kwako kuna mlipuko gani?" Nikamwambia hakuna mlipuko, walikuwepo. Akasema mfumo unaonyesha kutoka 0 mpaka 11, inaonekana ni kosa la uingizaji, nihakiki halafu nitume upya.

Nimehakiki. Ni 12, nilimsahau mmoja. Nimetuma hivyo, simu haijaita tena.